UZI: Kutembelea Musée d'Orsay, Paris, ukaziona picha za Waimpreshonisti kwa macho yako badala ya kuzipitia mbio

Turubai
Wakuu, habari za leo. Maswali ya Orsay yanajirudia kwenye nyuzi za safari na majibu yametawanyika, kwa hiyo nayaweka hapa pamoja. Wenye ujuzi waongeze, na nikikosea mnirekebishe.

Tuanze na jengo, maana ndilo linalowapoteza wengi. Orsay ilikuwa stesheni ya treni. Ilisanifiwa na Victor Laloux na kufunguliwa Julai 1900, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia pale Paris. Kufika 1939 treni za masafa marefu zilikuwa zimerefuka kuliko majukwaa yake, zikahamishwa. Makumbusho yalifunguliwa Desemba 1986. Ukumbi wa kati bado ni ule ule wa stesheni, mrefu, na mwanga unashuka kutoka kwenye paa la vioo. Ukiingia tu, miguu inakupeleka mbele yenyewe, sanamu moja baada ya nyingine. Saa moja na nusu inaisha uko chini, na picha ulizozifuata ziko ghorofa ya tano.

Kwa hiyo pandeni juu kwanza. Mkishakaguliwa mizigo na kuonyesha tiketi, nendeni moja kwa moja mpaka mwisho wa ukumbi, upande ulio mbali na mlango, kwenye ngazi za umeme na lifti. Msisimame njiani. Kwenye ramani mtaona ghorofa zinaandikwa 0, 2 na 5. Hiyo 5 ndiyo ya Waimpreshonisti, wale wachoraji wa mwanga wa karne ya 19: Monet, Renoir, Degas, Pissarro, Sisley, Morisot, Caillebotte. Mkiingia mlango unapofunguliwa mkafanya hivyo, mna karibu dakika arobaini za utulivu kabla vikundi vya watalii havijapanda. Baada ya hapo shukeni taratibu: ghorofa ya pili kuna sanamu mbili maarufu, lile lango kubwa la plasta la Rodin na dubu mweupe wa Pompon, kisha chini mmalizie na picha za mwanzo za mchoraji Manet na sanamu nyingine.

Saa za kufungua: saa 3:30 asubuhi hadi saa 12 jioni, na Alhamisi hadi saa 3:45 usiku. Jumatatu pamefungwa, vilevile tarehe 1 Mei na 25 Desemba. Mtu wa mwisho anaingia saa 11 jioni (Alhamisi saa 3 usiku), lakini walinzi huanza kuwatoa watu vyumbani kabla ya muda wa kufunga. Anayeingia saa kumi na nusu jioni hajaingia kitu.

Na muwe makini na saa za kwenye tiketi. Zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24. 15:00 ni saa tisa alasiri. Wapo wanaoisoma haraka na kufika kipindi chao kimeshapita.

Bint Sefu
Asante sana mleta uzi. Sisi tutakuwa na siku tatu tu Paris, watu wazima wawili na watoto wa miaka 9 na 13. Siku ipi inafaa, na bei ikoje kwa watoto?

Reli ya Kati
Dada Bint Sefu, watoto chini ya miaka 18 wanaingia bure, wa nchi yoyote. Mtu mzima ni yuro 16 ukinunua mtandaoni tiketi yenye saa maalum. Dirishani bei huwa chini kidogo, lakini utailipa hiyo tofauti kwa kusimama foleni nje, na mwezi wa Julai jua la pale uwanjani halina kivuli. Alhamisi jioni kuanzia saa 12 bei hupungua. Angalieni bei ya siku mnayonunua kwenye tovuti rasmi ya makumbusho yenyewe. Zipo tovuti nyingi za madalali zinazoiga sura yake na kuuza tiketi ile ile kwa pesa zaidi.

Siku: epukeni Jumanne. Sababu ni kwamba makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, na yale ya Orangerie pia, kwa hiyo waliokosa huko wote wanamiminika Orsay. Jumatano na Ijumaa asubuhi ni nzuri. Alhamisi baada ya saa moja usiku ni nzuri kuliko zote kwa watu wazima, ila kwa mtoto wa miaka 9 atakuwa ameshachoka. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote, lakini lazima uweke nafasi mtandaoni, na pia panajaa.

Usafiri: metro laini ya 12, shuka Solférino, tembea dakika tano hivi kuelekea mtoni. RER C, treni ya kwenda vitongojini, ina stesheni yenye jina la makumbusho yenyewe, chini yake kabisa, ila kiangazi kipande cha katikati cha RER C hufungwa mara nyingi kwa matengenezo. Kagueni kabla, msije mkajikuta jukwaani mkisubiri treni isiyokuja. Na masanduku ya safari hayapokelewi kwenye chumba cha makoti. Mkiwa mmetoka hotelini siku ya kuondoka, acheni mizigo hukohuko.

Turubai
Hapo Reli ya Kati umemaliza. Sasa niseme la kutazama, maana tiketi ni nusu ya kazi.

Picha hizi zimechorwa kwa umbali wa aina mbili. Mchoraji alikuwa karibu, urefu wa mkono. Picha inakamilika ukiwa mbali. Mtu akisimama umbali mmoja tu, mita moja na nusu, ambao ndio umbali wa kupiga picha kwa simu, anakosa yote mawili.

Fanyeni hivi. Simama mita tano au sita, kama watu wanaruhusu. Finya macho mpaka vitu vidogo vifutike ubaki na mwanga na giza tu. Jiulize mwanga unatoka wapi, ni wa saa ngapi. Kisha sogea polepole, usiondoe macho, mpaka sentimita sabini hivi. Kuna hatua moja ambapo uso au jani au maji yanavunjika yanakuwa rangi tupu. Simama hapo, rudi nusu hatua, sogea tena. Halafu nenda ubavuni, tazama turubai kwa mshazari: utaona wapi rangi imepakwa nene na wapi kitambaa kimeachwa karibu uchi. Mwisho rudi nyuma kabisa. Dakika tano mpaka nane kwa picha moja. Picha kumi na mbili kwa namna hii ni saa moja na nusu, na inatosha kabisa. Orodha ya picha hamsini ni adhabu.

Mfano mmoja. Monet ana picha ya theluji, inaitwa La Pie, ya 1868 hadi 1869. Ndege mmoja mweusi amekaa juu ya lango la miti, uzio, na theluji kila mahali. Jopo la maonyesho rasmi ya Paris liliikataa 1869. Kwa mbali utasema ni nyeupe. Sogea utafute nyeupe tupu: hakuna karibu popote. Palipopigwa na jua kuna umanjano na uwaridi mwepesi, na kivuli cha uzio ni buluu na zambarau. Mchoraji hakukipamba. Kivuli juu ya theluji hakipati jua, kinapata mwanga wa anga, na anga ni ya buluu. Aliyekulia Pwani anaijua hali hii bila theluji: tazama kivuli cha mnazi juu ya mchanga mweupe saa nne asubuhi.

Kisiki
Wakuu mimi naomba kutofautiana kidogo. Nimeona nakala nyingi za hizi picha, ukikaribia ni madoa tu. Na nilisoma kwamba hawa jamaa walipiga marufuku rangi nyeusi. Sasa ustadi uko wapi?

Mafuta na Kitani
Mkuu Kisiki, nakala ndiyo inayokudanganya. Karatasi ni bapa, turubai ina milima. Nenda kwenye picha za kanisa kuu la Rouen. Monet alizianza pale pale Rouen mwaka 1892 na 1893, akizitazama kutoka vyumba vya upande wa pili wa barabara, akazimalizia nyumbani kwake Giverny. Ziko karibu thelathini duniani, na Orsay ina tano. Zikitundikwa pamoja, simama katikati: jengo ni moja, hali ya hewa ni tofauti. Kisha kazitazame kwa ubavu. Rangi imekauka kwa tabaka juu ya tabaka mpaka imekuwa yenye kukwaruza kama lipu isiyosawazishwa. Mwanga wa chumba unashika kwenye vile vichuguu vidogo na kutupa vivuli vidogo chini yake. Yaani ukuta wa mawe umejengwa tena kwa rangi. Hilo halichapishiki kitabuni.

Kuhusu nyeusi, hapana. Manet aliitumia wazi wazi, nguo za watu wake ni nyeusi ya kina kabisa, na Renoir aliipenda. Monet ndiye aliyeiacha: mwaka 1905 alitaja kwenye barua rangi anazotumia, nyeupe ya risasi, manjano ya kadimiamu, nyekundu ya vemilioni, nyekundu nzito iitwayo madder, buluu ya kobalti na kijani cha zumaridi, basi. Kwa hiyo ni uamuzi wa mtu, hapakuwa na sheria ya kundi.

Na hayo "madoa" yana hesabu yake. Kulikuwa na mkemia, Chevreul, akisimamia idara ya rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins pale Paris. Alikuta malalamiko kwamba uzi mweusi umefifia. Akaupima, hauna kasoro. Shida ilikuwa jirani yake: mweusi ukifumwa pembeni ya buluu na zambarau unaonekana umekufa. Alichapisha kitabu mwaka 1839 kueleza kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inaibadilisha mwenzake. Mwenye jicho la kanga analijua hili. Doa lile lile jekundu likizungukwa na nyeusi linawaka, likizungukwa na chungwa linazama. Waimpreshonisti walilichukua hilo na kulifanyia kazi kwa burashi: mpigo mfupi wa chungwa pembeni ya buluu ili maji yametemete bila kuongeza nyeupe.

La mwisho ni vifaa. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alisajili mrija laini wa bati wa kuhifadhia rangi ya mafuta. Kabla ya hapo rangi iliyosagwa iliwekwa kwenye vibofu vya nguruwe. Unatoboa, unakamua, unaziba, na baada ya muda inaganda au inapasuka. Kwa mrija wenye kifuniko cha kuzungusha unaweza kubeba rangi kumi na mbili kwenye sanduku, ukapanda treni, ukachora mtoni mpaka jua lizame. Bila ule mrija nusu ya ghorofa ya tano isingekuwepo.

Kisiki
Hapo kwenye kanga nimekuelewa mkuu. Nashukuru. Je, rangi tunazoziona leo ndizo walizoziweka?

Mafuta na Kitani
Si zote. Mfano mzuri ni chumba cha kulala cha Van Gogh kule Arles. Kuna turubai tatu za chumba hicho, na ya Orsay ndiyo ndogo, aliyoichora Septemba 1889 kwa ajili ya mama yake na dada yake. Leo kuta zake ni buluu. Van Gogh mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba ni zambarau hafifu. Zambarau ile ilikuwa mchanganyiko wa buluu na nyekundu ya aina isiyostahimili mwanga. Nyekundu ikapauka, buluu ikabaki. Ukiwa mbele yake, jaribu kuirudishia ile zambarau kichwani, na utaona jinsi kitanda cha manjano kingewaka zaidi, maana manjano na zambarau zinachocheana.

Kwa sababu hiyo hiyo vyumba vya pasteli vina giza. Pasteli ni unga wa rangi ulioshikamana na karatasi, mwanga unauchosha. Ukiingia kwenye chumba cha namna hiyo ukaona hakuna kitu, usitoke. Subiri dakika mbili tatu macho yazoee, rangi zinajitokeza zenyewe. Na kazi za karatasi huzungushwa, zinatundikwa miezi kadhaa kisha zinarudishwa ghalani kupumzika, kwa hiyo usiahidi mtu kwamba utaiona pasteli fulani ya Degas.

Fremu Tupu
Niongeze kuhusu simu. Kupiga picha kunaruhusiwa bila fleshi, bila kijiti cha selfi na bila stendi. Lakini simu inajirekebisha weupe yenyewe. Ikiona theluji yenye ubuluu inadhani mwanga umekosewa, inaufuta, na unabaki na kijivu. Mtu anarudi nyumbani na La Pie ambayo haina kile kitu hasa kilichomleta. Kama simu yako ina uwezo wa kufunga mizani ya weupe, ifunge kwa kulenga ukuta wa chumba, kisha upige. Vinginevyo tazama kwanza, piga baadaye. Na piga kibao cha maelezo pamoja na picha, la sivyo ukifika nyumbani hutajua ipi ni ipi.

Na vibao msiviruke! Ule mstari wa chini wenye herufi ndogo unasema picha imefikaje pale. "Legs" ni wasia, mtu alikufa akaiachia serikali. "Don" ni zawadi. "Dation" ni familia iliyolipa kodi ya mirathi kwa picha badala ya fedha. Namba inayoanza na RF ni ya mali ya taifa. Ukikuta MNR, hiyo ilirudishwa kutoka Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia na makumbusho yanaitunza tu, mwenyewe au warithi wake wakithibitika inarudi kwao.

Tafuteni jina la Gustave Caillebotte kwenye vibao hivyo. Alikuwa mchoraji, ile ya mafundi watatu wakiparuza sakafu ya mbao ya mwaka 1875 ni yake. Nendeni karibu mkatazame maranda ya mbao yaliyojikunja sakafuni na mwanga wa dirisha ulivyoteleza juu ya migongo yao. Alikuwa na mali, akanunua kazi za wenzake wakati hakuna aliyezitaka. Alifariki 1894 akaacha picha zaidi ya sitini kwa serikali. Renoir alikuwa msimamizi wa wasia. Majadiliano yakachukua miaka miwili, na mwisho serikali ikachukua karibu arobaini tu. Katika hizo arobaini imo ile dansi ya Renoir ya Moulin de la Galette, ya 1876, na stesheni ya Saint-Lazare ya Monet, ya 1877. Inauma kufikiria kwamba nyingine zilitolewa bure zikakataliwa.

Kwenye hiyo dansi, mtafuteni mwanamume aliyekaa mbele akiwapa mgongo. Koti lake ni la giza, na juu yake kuna mabaka ya uwaridi na zambarau. Hayo ni jua linalopenya kwenye majani. Wengi wanapita wakidhani ni uchafu wa turubai.

Bint Sefu
Watoto wafanye nini wakati sisi tunafinya macho dakika nane? Na je, ile picha ya jua likichomoza ambayo ndiyo ilileta jina la Uimpreshonisti, iko chumba gani?

Turubai
Dada, watoto wape kazi tatu. Moja, saa kubwa: ghorofa ya tano utasimama nyuma ya kioo cha saa ya stesheni, na kwa nje unaona mto Seine na Louvre, na mbali kule kilima cha Montmartre. Foleni ya kupiga picha hapo hukua haraka, waende mapema. Mbili, yule binti mcheza baleti wa Degas: mwili wa shaba, lakini sketi ni ya kitambaa cha kweli na nywele zimefungwa utepe wa kweli. Waulize kwa nini mchoraji alichanganya. Ile ya asili ya nta, iliyoonyeshwa 1881, iko Washington. Tatu, wachague picha moja wasogee na kurudi mpaka wapate ile hatua rangi zinapogeuka kitu. Wa miaka 13 ataipata kabla yako. Tahadhari moja tu: begi la mgongoni livaliwe mbele, na mkono usinyooshwe kuonyesha kitu karibu na turubai. Walinzi wanakemea, na wana haki.

Jua likichomoza halipo Orsay. Hapo ndipo wengi wanavunjika moyo. Impression, soleil levant, ya 1872, iko Musée Marmottan Monet, upande wa magharibi wa jiji, metro laini ya 9, shuka La Muette utembee dakika kama kumi. Ni ndogo, sentimita 48 kwa 63. Ilionyeshwa Aprili 1874 kwenye studio ya zamani ya mpigapicha Nadar, boulevard des Capucines, na mwandishi Louis Leroy akaokota jina kutoka hapo kwa kuwabeza. Mwaka 1985 iliibiwa Marmottan, ikapatikana 1990. Wakati mwingine huazimwa na makumbusho mengine, kwa hiyo ulizeni kabla ya kwenda. Marmottan nao hufungwa Jumatatu, na ile pasi ya makumbusho ya Paris haifanyi kazi huko.

Wala msitafute Orsay ule usiku wa nyota zinazozunguka wa Van Gogh. Huo uko New York. Wa Orsay ni usiku wa nyota juu ya mto Rhône, wa 1888, taa za gesi zikijirefusha majini. Na picha za Van Gogh na Gauguin zimewahi kuhamishwa kutoka ghorofa moja hadi nyingine, kwa hiyo msikariri namba za vyumba kutoka kwenye video za zamani. Chukueni ramani mlangoni.

Reli ya Kati
Na zile picha kubwa za mayungiyungi za Monet ziko Orangerie, ng'ambo ya mto. Vyumba viwili vya umbo la yai, turubai zenye kimo cha mita mbili zikikuzunguka, vilifunguliwa 1927, miezi michache baada ya mchoraji kufariki. Kutoka Orsay vukeni daraja la miguu la Léopold Sédar Senghor, lina jina la yule rais na mshairi wa Senegal, kisha kata kushoto ndani ya bustani ya Tuileries. Ni mwendo wa dakika kumi hadi kumi na tano. Wekeni nafasi mapema hata kama mna pasi. Na msiende Orsay na Orangerie bila kupumzika na kula katikati. Macho yanachoka kabla ya miguu, mtu anaanza kupita tu.

Mzee Kombo
Nina mama wa miaka 74, goti linasumbua. Anaweza?

Reli ya Kati
Anaweza, mzee wangu. Shikamoo. Viti vya magurudumu vinaazimwa bure, unaacha kitambulisho. Lifti inafika ghorofa zote, na mwenye ulemavu aliye na cheti anaingia bure pamoja na mtu mmoja wa kumsindikiza. Akipendelea kutembea, vyumba vya Waimpreshonisti vina mabenchi mazito ya kioo kama vipande vya maji yaliyoganda, kazi ya Mjapani Tokujin Yoshioka. Hayana pa kuegemea, kwa hiyo beba koti la kumwekea. Anzeni na benchi, muache watu wapite, naye atazame kutoka hapo hapo alipokaa. Kwa picha hizi umbali wa benchi ndio mzuri.